Akishavua Gwanda

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, silaha za jadi huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na anapita mzee mmoja mstaafu, mara nyingi mwenye hatua nzito na medali kifuani, anaweka shoka. Tarumbeta inalia, nchi inatazama kwenye runinga. Kwa dakika zile chache askari mstaafu wa Tanzania ana nafasi kwenye ratiba ya taifa, nafasi iliyoandikwa na kufanyiwa mazoezi. Mimi nauliza habari ya siku zinazobaki. Mzee wa namna ile anaishi kata ya Kanyenye, mjini Tabora. Usingizi umemkimbia. Gongo, aliyokuwa akinywa jioni, sasa anainywa kabla ya chai. Mkewe amehamia chumba cha watoto. Aende wapi, na nani amepangiwa kumpokea?

Nimeichagua Kanyenye kwa sababu Tabora ni mji wa askari tangu ulipoanza kuwa mji. Njia ya msafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na pamoja na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo zilipita bunduki na baruti. Kuanzia mwaka 1871 mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe kwa miaka kadhaa, akiwatumia rugaruga, vijana ambao wengi walikuwa mateka au watoro wasio na kwao, na waliojulikana kwa kuvuta bangi kabla ya kuingia vitani. Alipofariki Desemba 1884, hakuna aliyejua la kuwafanya. Makundi yao yaliendelea kuzurura na kupora mpaka Wajerumani walipoanza kuwakodi. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Baada ya vita vya pili vya dunia, kambi ya hapa iliitwa Kalewa, jina la mahali huko Burma ambapo askari wa Afrika Mashariki walifika mtoni Chindwin mwishoni mwa 1944. Ni kambi hiyo hiyo iliyofuata maasi ya askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 1964. Leo Tabora ina kambi, ina hospitali ya jeshi, na nje ya mji kuna Msange JKT. Askari wengi wakistaafu hubaki pale walipojenga. Kwa hiyo ukipita mitaa ya Kanyenye unapishana na watu waliokuwa Kagera mwaka 1979, Msumbiji katikati ya miaka ya 1980, Anjouan mwaka 2008, Darfur, na Congo kuanzia 2013. Wanauza duka, wanafuga kuku, wanaswalisha, ni wazee wa kanisa. Na baadhi yao wanaumwa, nyumba ya pili isijue.

Baba mdogo wangu alikwenda Kagera na akarudi. Nyumbani walisema amerudi salama, kwa kuwa mikono na miguu ilikuwa kamili. Hakulala tena kitandani. Alitandika mkeka karibu na mlango, mgongo ukutani. Saa kumi alfajiri utamsikia anafagia uwanja uliofagiwa jioni. Embe likidondoka juu ya bati usiku sisi watoto tulicheka, yeye alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani, anahema. Alianza na wanzuki, ile pombe ya asali ya kwetu ambayo hainyimwi mtu yeyote kwenye sherehe, na akaishia kwenye gongo. Baba alikuwa akisema, "Mwacheni, hilo ni jeshi." Mama mdogo alimpeleka kwa mganga, akamsomesha kisomo, akampeleka na hospitali pia, wakatoka na vidonge vya usingizi. Kila mlango ulimpa alichokuwa nacho. Hakuna hata mmoja uliomuuliza alichokiona vitani.

Alichokuwa nacho kinaeleweka vizuri siku hizi. Kiwewe cha vita hukaa mwilini: mtu hushtuka, huota tukio lilelile, hukwepa mazungumzo, huwa mkali kwa watu anaowapenda. Pombe hutuliza hayo yote kwa saa chache, ndiyo maana wenye kiwewe huishika na wengi hawaiachi. Ikishazoeleka, kuiacha ghafla ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mnywaji wa miaka mingi akinyimwa pombe kwa siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona watu wasiokuwepo, kuanguka degedege na hata kufa. Familia nyingi humfungia mzee ndani "mpaka imtoke", kwa nia njema kabisa, bila kujua kwamba wanamweka hatarini. Tiba yake ya kwanza haihitaji mashine: diazepam kwa vipimo vinavyopungua siku hadi siku, vitamini B1, maji, na mtu wa kumwangalia. Dawa hizo ni za kawaida. Anayekosekana ni mtu wa kumwangalia.

Nchi yetu haikukosa mipango. Ipo, na mingine ilikuwa mizuri hata wageni wakaja kujifunza. Ila kila mpango ulichorwa ukiwa na mgonjwa wake kichwani, na mstaafu wa Kanyenye hakuwa ndiye.

Tuanze na jeshi lenyewe, kwa kifupi. Tiba ya jeshi imewekwa ili kikosi kiwe tayari kwa kazi. Hilo ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini askari aliye kazini anajua kwamba neno moja la daktari kwenye faili linaweza kugusa cheo chake, zamu ya silaha, au nafasi ya kwenda kulinda amani, nafasi ambayo kwa familia nyingi ndiyo iliyojenga nyumba. Basi ananyamaza mpaka astaafu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, karibu na Beni, Congo, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na Watanzania 15 wakauawa. Majeneza yalipokelewa Dar es Salaam kwa heshima iliyostahili. Waliokuwa kwenye mahandaki yaleyale na wakapona walirudi pia, kila mmoja kwa wakati wake. Umoja wa Mataifa una washauri nasaha kwenye misheni zake, lakini askari akishapanda ndege ya kurudi, afya yake ni jukumu la nchi yake. Na akishavua gwanda, ni jukumu la nani? Hospitali za jeshi huwatibu hata raia, kwa hiyo mlango haujafungwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayetumwa kumfuata mtu nyumbani kumwambia uko wazi.

Mpango wa wizara ya afya una historia ndefu na ya kuheshimika. Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa 1927, na kwa miongo mingi jina lake likawa tishio la utani nchi nzima. Mwaka 1969 kikaanzishwa Hombolo, kijiji ambacho wagonjwa waliopata nafuu walikwenda kuishi na kulima, ndugu zao wakaruhusiwa kukaa nao, muuguzi akiwa karibu. Vijiji vya namna hiyo vikaenea. Cha Vikuruti kilifanya kazi na Muhimbili. Wazo lake lilikuwa la kwetu kabisa: mtu hupona akiwa na jembe mkononi, chungu jikoni na watu wa kusalimiana nao asubuhi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani na Denmark zikasaidia mradi wa majaribio Morogoro na Kilimanjaro: huduma ya akili itoke kwenye ukuta wa hospitali kubwa, ishuke mpaka zahanati, mganga wa kijiji aweze kutambua na kutibu. Majaribio yalionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili.

Kwenye karatasi, basi, kila mkoa na kila halmashauri ina mratibu wa afya ya akili. Ukishuka chini unakuta mratibu huyo mara nyingi ni muuguzi mwenye wodi, mwenye zamu, mwenye ripoti za miradi mingine inayolipa posho. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Tabora na watu zaidi ya milioni 3.3. Madaktari bingwa wa akili nchi nzima bado ni wa kuhesabu kwa makumi. Kutoka Tabora hadi Mirembe ni takriban kilomita 400. Anayefikishwa huko ni yule aliyevunja vitu, aliyetembea uchi, aliyempiga mtu. Ugonjwa wake umepiga kelele. Mzee anayekunywa kimyakimya kwenye kibaraza chake hapigi kelele. Atahudumiwa siku atakapotapika damu, na atalazwa wodi ya ini.

Vijiji vya Hombolo na wenzake navifikiria sana. Vilitegemea mambo matatu: ardhi, muuguzi anayeishi pale pale, na pesa kidogo isiyokatika. Ardhi ilikuwepo. Muuguzi na pesa vilipoanza kupungua, hakukuwa na mtu wa kupiga kelele kwa niaba ya wakazi wake, kwa sababu mgonjwa wa akili hana chama wala diwani anayeogopa kura yake. Mradi wa aina hii haufi siku moja. Unaanza na gari bovu lisilotengenezwa, kisha muuguzi anahamishwa asiletwe mwingine, kisha ndugu wanaacha kuja.

Mpango wa tatu ni wa dawa za kulevya, na huu ndio uliofanikiwa kuliko yote. Heroini ilikita mizizi Dar es Salaam na Zanzibar miaka ya 1990. Februari 2011 kliniki ya methadoni ikafunguliwa Muhimbili, ya kwanza Tanzania Bara, ikafuata Mwananyamala, Temeke, kisha miji mingine: Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Ukiiona inavyofanya kazi utaelewa kwa nini ilifaulu. Mraibu anafika dirishani kila siku, anataja jina na namba, anapewa kikombe kidogo cha plastiki chenye dawa ya maji, anakunywa mbele ya mfamasia, anashushia na maji, anasema neno moja ili ionekane amemeza, anaondoka. Hachekwi, haulizwi kwa sauti ya kumdhalilisha kwa nini jana alichelewa. Waliomleta ni waelimishaji rika waliokuwa mateja wenyewe, wanaojua maskani na wanaojua arosto ikoje. Watu waliokwishafanyiwa maombolezo na familia zao wakiwa hai wamerudi kazini, wameoa, wanasomesha. Mimi nauona mpango huu kuwa moja ya kazi nzuri kabisa za afya ya umma zilizofanyika nchini mwetu.

Lakini methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii zake peke yake. Haifanyi lolote kwa gongo, wala bangi, wala kiwewe. Na ramani yake ilifuata heroini, kwa sababu pesa nyingi zilizoibeba zilikuwa za kupambana na UKIMWI, na sindano za heroini ndizo zilizokuwa zikieneza virusi. Pombe haikuwa na mfadhili. Nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na waraibu waliopona, ambazo Zanzibar na pwani zimeokoa wengi, nazo zilizaliwa na tatizo la unga. Zinachukua ada, na ziko mbali. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali, uamuzi uliolenga kuwazuia vijana wasianze. Gongo imekatazwa kisheria kwa miongo mingi. Matokeo ya katazo hilo kwa mstaafu wetu ni kwamba akisema kwa daktari anachokunywa, anaona kama anajipeleka polisi.

Watu wa Tabora wana sababu ya kuzijua hesabu za miradi inayopangwa mbali. Kilomita tisini hivi magharibi ya mji, Urambo, ilikuwa moja ya sehemu tatu za Mpango wa Karanga ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Wataalamu walitumia wiki chache kuzunguka, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi London na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Waliletwa wanajeshi wengi waliotoka vitani kuusimamia, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji. Mvua haikusoma mpango. Mwaka 1951 ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Urambo ikaokoka kwa kugeukia tumbaku, zao ambalo wakulima wenyewe waliendelea nalo. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu kosa lake bado linafanyika katika afya ya akili: tunaanza na idadi ya vituo na idadi ya watu wa kufundishwa, halafu ndipo tunauliza huyu anayelengwa anaishi vipi, anamwamini nani, na saa ngapi yuko nyumbani akiwa hajalewa.

Turudi kwenye vita vya Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jeshi letu, ambalo kabla ya vita halikufika watu 40,000, lilikuwa limepanda likapita 100,000 kwa kuongezewa mgambo, vijana wa JKT na polisi. Nyerere aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ukafungwa kwa miaka. Wengi walioitwa kwa njia ya mgambo walirudishwa mashambani kwao na asante. Simlaumu mtu kwa kutofungua kliniki za kiwewe mwaka ule, nchi haikuwa na sabuni. Ila nataja tarehe kwa sababu mwaka huohuo, 1979, Marekani ilianza kufungua vituo vidogo vya ushauri kwa waliopigana Vietnam. Viliwekwa makusudi nje ya hospitali, kwenye mitaa ya maduka, kwa kuwa wapiganaji hao hawakuziamini hospitali za serikali, na wengi wa washauri walikuwa wamepigana vita hivyohivyo. Mwaka 1980 ndipo madaktari wao wa akili walipokiingiza kiwewe cha baada ya maafa kwenye orodha rasmi ya magonjwa. Askari wenyewe walikuwa wamekaa pamoja na kusimuliana kwa miaka kadhaa kabla ya daktari kuandika. Nchi yenye pesa zote zile iligundua kwamba askari hupona kwanza akiwa na askari mwenzake, kwenye chumba kisicho na harufu ya hospitali.

Wazee wa Unyamwezi wasingeshangaa. Chama cha Waswezi kilikuwa kikimpokea mtu aliyesumbuliwa na mapepo na kumtibu kwa kumfanya mwanachama. Alitoka akiwa na ndugu wapya waliowahi kusumbuliwa kama yeye. Sisemi turudi kwenye mapepo. Nasema mtindo wa kumtibu mtu kwa kumpa wenzake una mizizi hapa kuliko kiti cha peke yake mbele ya daktari.

Na majirani zetu wameshaonyesha jinsi ya kuufanya kwa utaalamu. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi ya Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe, wasio madaktari wala wauguzi, kutibu kiwewe kwa njia ya masimulizi. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha wagonjwa wengi wakipata nafuu kwa vikao vichache. Njia yenyewe ni rahisi kuiona. Kamba inanyooshwa chini, ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Anaweka ua pale palipokuwa na jambo jema na jiwe pale palipomwumiza. Kwa wapiganaji huongezwa kijiti, kwa maovu ambayo yeye mwenyewe aliyatenda. Kisha anasimulia, kikao kwa kikao, jiwe kwa jiwe, mpaka hadithi ipate mwanzo na mwisho na ikae kwenye wakati wake uliopita. Mashariki ya Congo, ambako Kiswahili ndicho cha mitaani, washauri wa hukohuko walitumia njia inayotokana na hiyo kwa waliokuwa wapiganaji, na dalili za kiwewe zikapungua. Zimbabwe imewafundisha mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na wazo hilo limevuka hadi Zanzibar. Hata Uganda yenyewe, ilipowarudisha nyumbani askari zaidi ya 36,000 kati ya 1992 na 1995, iliwapa mabati, mbegu na fedha za kuanzia, mpango uliosifiwa duniani, lakini akili haikuwemo kwenye kifurushi. Kile kijiti ndicho kinachokosekana kwetu. Mzee wa Kagera anaweza kukuambia alivyonusurika. Alichokifanya yeye hajawahi kumwambia mtu, na ndicho anachokinywea.

Tufanye nini Kanyenye, kwa vitu vilivyopo? Serikali ina njia moja ya uhakika ya kumwona askari mstaafu ana kwa ana: uhakiki wa pensheni. Hazina ikiita, wazee huja wote. Anayetembelea mkongojo huja, anayeshikwa mkono na mjukuu huja, kila mmoja na bahasha yake ya kaki: barua ya kustaafu, kitambulisho, picha, nakala zilizokunjwa mpaka mikunjo imekatika. Wanakaa chini ya mwembe saa nyingi, wanaitana kwa vyeo vya zamani, wanaulizana nani kafa. Hapo ndipo muuguzi awekewe meza. Aanze na shinikizo la damu na sukari, ambavyo kila mzee anataka kupimwa. Kisha maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji, na yale tisa ya sonona. Yote mawili yapo kwa Kiswahili na yamejaribiwa hapa nchini. Mtu anamaliza kwa dakika kumi na tano. Anayeonekana ana hatari anapewa siku ya kurudi, siyo ushauri wa kuacha pombe tu, na anatajiwa jina la mstaafu mwenzake atakayekuja kumtembelea.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni la kweli: watasema nimechanganyikiwa, watanikatia pensheni. Kwa hiyo meza ya muuguzi iwe mbali na ya Hazina, daftari lake lisisomwe na mtu wa malipo, na jambo hilo litangazwe kwa sauti na mstaafu mwenye cheo ambacho wenzake wanakiheshimu. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wale mgambo wa 1979 hawana pensheni, hawahakikiwi, hawamo kwenye bahasha yoyote. Hao wanajulikana na mwenyekiti wa mtaa, balozi, imamu, katekista na mama muuza pombe. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Ndio watakaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe swali moja la kumuuliza mke wa mzee, kwa adabu na mume akiwa hayupo: "Mama, mzee analala?" Majibu ya swali hilo yatatosha kuanzia.

Sheria nayo irekebishwe. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha kwao kama hicho kinakwenda kinyume na katiba. Familia ya Kanyenye inayomkata baba yao kamba shingoni usiku haipaswi kuwaza kituo cha polisi kabla ya hospitali ya Kitete.

Na pesa isisubiri mfadhili. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi mingi iliyotegemea mfuko mmoja ilitikisika ndani ya wiki moja. Mahitaji ya Kanyenye ni madogo kiasi cha kuingia kwenye bajeti ya manispaa: nafasi ya muuguzi mmoja wa akili ambaye hapangiwi wodi nyingine, nauli ya wastaafu wanne au watano waliofundishwa kutembelea wenzao, vitanda viwili vya kumtolea mtu pombe mwilini kwa usalama, dawa zake zisizokatika, na chumba kimoja chenye mkeka na kamba. Jeshi lina sehemu yake, ambayo haigharimu kitu. Siku askari anapokabidhi vifaa stoo, faili lake la afya lisifungwe na kupelekwa masjala. Kwa ridhaa yake, nakala iende kwenye kliniki ya akili ya wilaya anakokwenda kuishi, na kwenye barua yake ya kustaafu, chini ya hesabu za kiinua mgongo, liandikwe jina la muuguzi aliyeipokea na siku anayomtegemea.